Kupika na Kisichokuwepo

Kagondo, Bukoba
9 Februari 1943

Mae mpenzi,

Mwinjilisti akikusomea barua hii mwambie asikimbilie mwisho. Namjua, alikuwa anatusomea hivyo hivyo tangu shule ya Jumapili.

Sisi huku tu wazima. Aroni anafundisha asubuhi na jioni, kwa kuwa mwalimu mwenzake amekwenda vitani. Mjini sukari ni ya kupigania, chumvi inakuja leo inapotea mwezi mzima, na mafuta ya taa tunawasha wakati wa kula tu. Lakini usinionee huruma. Bibi wa misheni anatufundisha wanawake kila Alhamisi namna ya kuendesha jiko wakati huu wa vita. Anasema usiulize unatamani kula nini. Fungua vyungu kwanza, tazama kilichopo, kisha upange chakula cha wiki nzima kabla hujawasha moto. Nimeshika somo hilo kuliko wenzangu wote, na Aroni ananicheka kwamba hata ndoto zangu nazipanga.

Sasa nisikilize, na Mwinjilisti anisamehe maana sina mwingine wa kunisomea kwako. Nina mimba. Imefika mwezi wa tano, na safari hii imeshika, si kama ile ya mwaka juzi. Naogopa hata kuandika.

Omary wa lori la kahawa alituambia mvua ya mawe ilipiga Kishanda vibaya. Nimekosa usingizi. Niambie una nini nyumbani, kitu kwa kitu, nami nitakupangia.

Mwanao,
Kemilembe


Kishanda, Muleba
24 Februari 1943

Mwanangu Kemilembe,

Mwinjilisti amesoma polepole mpaka nikataka kumpokonya karatasi. Ninasema kwa Kihaya, yeye anaandika kwa Kiswahili chake cha shule, kwa hiyo ukiona neno la kujivuna ujue ni lake.

Nimefurahi hata nimecheka peke yangu kibanjani, katikati ya migomba. Kaa vizuri. Usibebe maji. Usigombane na mtu. Mimba ya kwanza ilitoka siku mlipopata habari ya kifo cha baba yako, sijasahau. Safari hii hutasikia habari mbaya kutoka kwangu, maana hakuna.

Huyo Bibi anayewafundisha kupika na kilichopo, mwambie aje Kishanda nimwone. Kwani kuna mtu hupika na kisichokuwepo? Sisi tulikuwa tunakiita kupika tu.

Mvua ya mawe ilipiga ng'ambo ya pili, kwangu ilipita kwa mbali. Unataka nikuhesabie vyungu, basi nakuhesabia. Maharage kapu limejaa mpaka mdomoni. Njugu mawe zipo. Maboga mawili makubwa yako juu ya dari. Furu wakavu ninao, wale samaki wadogo uliokuwa unawaiba ukiwa mtoto. Na migomba imesimama. Mtu mmoja nitakula nini hata nivimalize?

Nijibu kama umekula.

Mama yako,
Kokuhirwa
kwa mkono wa Mwinjilisti Byarugaba

Nami mwandishi nakusalimu. Ukipata nafasi kabla hujawa mzito, njoo umwone mama.


Kagondo, Bukoba
15 Machi 1943

Mae,

Nimeisoma barua yako mara nyingi hata Aroni amechoka. Moyo umetulia. Mshukuru Mwinjilisti kwa kunikaribisha, lakini barabara ya kutoka Kemondo na mashimo yake sitaiweza hali hii.

Haya, nimekaa na vyungu vyako kichwani nikakupangia. Maharage usipike kila siku, kuni zinaisha bure. Chemsha mara moja ya kutosha siku mbili. Siku ya kwanza kula na ndizi katika chungu kimoja, ufunike kwa jani la mgomba kama kawaida. Siku ya pili yale yaliyobaki yaponde, utie njugu mawe kiganja kimoja. Furu usiwapike wazima. Watwange, uwe unanyunyiza kidogo kidogo kwenye majani ya maboga, watakufikisha mbali. Boga moja ulile sasa, la pili liache mpaka baada ya Pasaka. Chumvi ikikosekana choma maganda ya ndizi, uchuje maji ya majivu, ila usizidishe, yanauma ulimi.

Na ukipika, pakua ukae ule. Najua tabia yako ya kula umesimama huku unamtupia mbuzi nusu.

Chakula cha kunitumia sitaki. Subiri mpaka nizae, hapo sina la kusema, desturi ni desturi. Nakumbuka ulivyokuwa ukisimulia mkungu alioubeba bibi siku uliponizaa mimi, na kwamba hukutia kitu kingine kinywani mpaka ulipofika.

Kemilembe


Kishanda, Muleba
8 Aprili 1943

Mwanangu,

Nimepika kama ulivyopanga. Siku ya maharage nilikula maharage, siku ya kuponda nikaponda, na nilishiba mpaka nikalegeza kanga. Mwinjilisti ni shahidi, ingawa sasa ameinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sindano.

Nina habari njema. Ule mgomba wa Nshakala nyuma ya jiko, uliokuwa ukijificha chini yake ukikataa kuoga, umetoa mkungu. Mkubwa, vichane vimebanana. Huo ni wako. Mwanamke wa nyumba hii akizaa, cha kwanza kuingia kinywani kinatoka kibanja cha mama yake, na mimi siwezi kuwa wa kwanza kuharibu. Nimeutegemeza kwa miti miwili. Hakuna atakayeugusa mpaka nisikie umejifungua.

Mbuzi nimemwazima mtu. Alikuwa ananisumbua.

Penina, jirani yangu, anauliza jambo, nami nimemwambia mwanangu ndiye fundi. Anauliza mtu ambaye hana maharage, hana furu, na boga limekwisha, apike nini? Anayo magimbi machache upande wa bondeni, na majani ya porini. Mpangie na yeye, maskini. Anaona haya kuuliza mwenyewe.

Nijibu kama umekula.

Mama yako,
Kokuhirwa
kwa mkono wa Mwinjilisti Byarugaba


Kagondo, Bukoba
2 Mei 1943

Mae,

Nimekula, nakula, nimekuwa kama pipa. Mtoto anapiga teke Aroni akisoma kwa sauti. Nasema ni wa kike, yeye anasema ni mwalimu.

Mpe Penina hili. Magimbi asiyamenye yakiwa mabichi, atapoteza nusu. Ayachemshe na maganda, kisha ayavue ngozi. Maji ya kuchemshia asimwage, apikie mnavu. Mgomba ukianguka, ua lake asilitupe, achemshe mara mbili amwage uchungu. Ale mara moja kwa siku lakini saa ile ile, mwili unazoea. Na kama ana mgomba wowote wenye mkungu, hata haujakomaa sawasawa, aukate. Huu si wakati wa kuuonea huruma mkungu.

Lakini Mae, niseme ukweli? Namshangaa Penina. Mmepakana. Mvua ya mawe haikupiga, wewe kapu lako limejaa, yeye hana hata punje? Huo ni uvivu. Mwambie nimesema apalilie kibanja, aache kuzunguka kwenye majiko ya watu. Na wewe usimpe kila kitu, nakujua.

Nimebakiza mwezi mmoja na kidogo. Niombee.

Kemilembe


Kishanda, Muleba
20 Mei 1943

Mwanangu Kemilembe,

Maneno yako yamemfikia Penina. Alicheka. Kisha akasema mtoto amesema kweli, kuna siku mwili unakuwa mvivu wenyewe. Hakukasirika. Ile ya magimbi na maganda imemfaa sana, kwa hiyo anakushukuru.

Kuhusu mkungu, anao mmoja umesimama, lakini ni wa mtu. Umewekwa. Hawezi kuukata.

Wako nao umejaa, unameremeta. Asubuhi nautazama kwanza ndipo nasema sala zangu, na Mwinjilisti anasema nimegeuza mambo. Nangoja neno lako tu. Ukizaa Aroni asikawie, aandike siku hiyo hiyo, hata mstari mmoja. Nitapanda lori la Omary mpaka Kemondo, kutoka hapo nitatembea nao kichwani ikibidi. Bado nina shingo.

Nijibu kama umekula.

Mama yako,
Kokuhirwa
kwa mkono wa Mwinjilisti Byarugaba

Mwandishi anakusalimu. Mwambie Mwalimu Aroni aniandikie mimi mwenyewe akipata nafasi.


Kagondo, Bukoba
12 Juni 1943

Kwa Mwinjilisti Byarugaba,

Barua hii ni yako peke yako, usiisome mbele ya mama mkwe.

Jumapili iliyopita Kemilembe alijifungua. Mtoto alikuwa wa kike, ametimia, ana nywele nyingi, lakini hakulia. Muuguzi alijitahidi sana. Tulimzika siku ya pili yake, na mchungaji alikubali kuja. Kemilembe alipoteza damu nyingi. Hawezi kuketi muda mrefu, na hasemi ila ukimwuliza.

Neno moja tu ndilo alilolisema kwa nguvu: mama yake asiambiwe. Anasema mama amefurahi tangu Februari, ana chakula kimejaa, ana mkungu wake anautazama, mwache akae na furaha yake. Akipata nguvu atakuja mwenyewe kumwambia uso kwa uso. Nimemwahidi. Kwa hiyo mama akiuliza, mwambie bado.

Uliomba nikuandikie. Sikujua ulikuwa na haja gani. Niambie.

Ndugu yako,
Aroni


Kishanda, Muleba
21 Juni 1943

Mwalimu Aroni,

Pole sana, na umpe pole mke wako. Nimelia juu ya karatasi yako, kisha nikaingiwa na hofu ambayo ndiyo inaniandikisha sasa bila ruhusa ya mtu.

Mama mkwe wako hana kitu. Mvua ya mawe ilipiga kibanja chake kuliko vingine vyote. Maharage yalilala chini, hayakuinuka. Migomba iliyosalia fukusi wamekula mashina, inaanguka mmoja baada ya mwingine kabla mkungu haujakomaa. Lile kapu lililojaa, maboga, furu, vyote alivitaja akiwa ameketi mbele yangu, na nilimwona akitazama ukutani na kuvipanga pale mahali vilipokuwa zamani. Nilimkatalia. Akasema mwanangu ana mimba, ile ya kwanza ilitolewa na habari, na hii utaitoa wewe? Niliandika.

Anayeulizia magimbi si Penina. Penina kibanja chake kiko bondeni, maharage anayo, na ndiye anayempelekea mama uji wa ulezi. Mama anapokea nusu, nusu anairudisha akisema ameshiba. Mbuzi alimbadilisha kwa mihogo mwezi wa tatu. Juma lililopita nilimkuta anachemsha kiini cha shina la mgomba ulioanguka.

Na nyuma ya jiko kuna mkungu wa Nshakala ambao ungemlisha na kumpa nguvu. Ameutegemeza kwa miti miwili. Nimemwambia akate hata kichane kimoja. Anasema si wake, ni wa mzazi, anangoja neno.

Mwalimu, neno hilo mmelizuia ninyi, na yeye amezuia la kwake. Mimi niko katikati na vinywa viwili nimevifunga. Sasa ana homa. Nipeni ruhusa ya kusema, au njooni.

Byarugaba


Kagondo, Bukoba
27 Juni 1943

Mae,

Kata mkungu. Ukisikia neno hili, Mwinjilisti aache kusoma, mtu aende nyuma ya jiko na panga, kisha ndipo aendelee.

Mtoto hayupo. Alizaliwa amekwisha kufa. Nilikuficha, kama ulivyonificha wewe. Huna wa kumngojea tena, mkungu hauna mwenyewe, ule. Pika vichane viwili leo na uji mzito juu yake. Kesho vingine. Usipange, usibakize, usimpe mtu.

Aroni ameomba ruhusa shuleni. Omary anasema petroli imezuiwa kwa ajili ya jeshi, lori halitoki mpaka mwisho wa juma, kwa hiyo nimempa barua hii mtu wa baiskeli. Mimi muuguzi amenikataza kusimama. Nitakuja hata kwa machela.

Ulinitajia vyungu na mimi nikavipanga. Nilikupangia chakula ambacho hakipo, Mae, tena nikakukaripia ukile umekaa. Kula. Nakuomba kula.

Kemilembe


Kishanda, Muleba
5 Julai 1943

Dada Kemilembe,

Keti kwanza, na mumeo akae karibu. Mama amefariki jana Jumapili, alfajiri. Homa ilimkuta hana nguvu ya kupigana nayo. Tumemzika leo karibu na baba yako. Najua ulitaka kuwapo. Hatukuweza kungoja lori.

Nataka ujue barua yako ilimfikia. Nilimsomea Ijumaa, Penina akiwa amemshika mgongo. Alizuia panga mpaka asikie sababu, nikasoma mpaka pale pa mtoto. Hakulia. Aliuliza alikuwa wa kike au wa kiume, nikamwambia wa kike. Akauliza kama alikuwa na nywele. Nikasema nyingi, mumeo aliniandikia.

Kisha akasema, "Basi amezaa."

Nikamwambia mama, mwanao anasema ukate ule. Akasema, "Nimesikia. Mkungu ulikuwa unangoja azae, na amezaa. Wanafikiri mtoto asipolia mama yake hajazaa? Nani amempikia huko? Kateni, mpelekeeni."

Tulibishana naye, Penina kwa ukali na mimi kwa kuomba. Nilimwambia kwa ajili ya barua zote nilizoandika, asinitwike na hii. Mwishowe alikubali kichane kimoja kitolewe. Penina alikipika na maharage yake, akafunika kwa jani. Mama alikula ndizi mbili. Aliketi kabisa, hakula akiwa amesimama, akaniambia, "Mwandikie kwamba nimekula. Safari hii usiandike uongo." Kwa hiyo nakuandikia. Alikula ndizi mbili, na alisema ni tamu.

Mkungu anauleta Omary, petroli imepatikana leo. Kichane kilichopungua ni hicho.

Byarugaba


Kagondo, Bukoba
14 Julai 1943

Mwinjilisti,

Aroni atakupa barua hii mkononi, anatangulia kutengeneza kaburi. Mimi nafuata nikipata nguvu.

Mkungu ulifika. Vichane vya juu vilikuwa vimeanza kuiva, vya chini vibichi bado, na juu kabisa nikaona lile jeraha pale kilipokatwa kile kimoja. Nilikaa nao sakafuni. Unajua nilichofanya? Nilianza kupanga. Vibichi kwanza na maharage, vinavyoiva kesho, vilivyobonyea kwa Omary, maganda kwa majivu. Niliufikisha juma la pili kichwani mwangu, ili usiishe. Kisha nikaona aibu.

Tangu nijifungue wanawake wa hapa walikuwa wanapita mbali na mlango wangu. Hawakujua waje na salamu gani, kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kutazama. Aroni alikwenda kwao nyumba kwa nyumba, akawaambia chakula cha mzazi kimefika kutoka kwa mama yake. Wakaja. Walimenya, wakapika vyote siku moja, hawakubakiza. Walinipakulia mimi kwanza, na bibi mmoja wa makamo akanipa pole ya uzazi. Ndiyo niliyolia nayo.

Mwombe Penina msamaha. Nilimwita mvivu, naye ndiye aliyekuwa anabeba uji. Yule niliyekuwa ninamwambia hasa, yeye alikwisha kunisamehe siku ile ile, akanishukuru kwa magimbi.

Barua zile umeziandika wewe, lakini usijilaumu peke yako. Nilikulia katika kibanja kile. Mvua ya mawe ikitoka upande wa ziwa haijawahi kuruka kwetu hata mara moja, nami nilijua hivyo nilipokuwa nasoma. Nilitaka kapu liwe limejaa, basi.

Kila barua aliuliza kama nimekula. Nilimjibu mara moja tu, kwa mzaha. Ukipita pale mlipomlaza, mwambie kwa Kihaya, usitumie Kiswahili cha shule. Mwambie nimekula.

Kemilembe